Simu mkononi, miguu barabarani: mambo tuliyoyaleta toka Kampala

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya vijana wa Butembo, katika kikao cha kurudisha ripoti ya safari)

Munajua tabia yetu: ukiita watu saa nane, wanafika saa tisa na nusu. Leo mumefika kwa saa. Tunaelewa: muko na hamu ya kujua mafranga yenu yamefanya nini kule Kampala.

Na muko na haki, kwa sababu ni yenu kweli. Wenye kutualika kwenye mkutano ule wa mitandao ya kijamii na teknolojia walilipa kulala na chakula. Tiketi za basi, toka hapa mpaka Kasindi, kuvuka Mpondwe, kupitia Kasese mpaka Kampala, mulizilipa ninyi, kila kartie na mchango wake. Hesabu yote imebandikwa pale kwenye mlango, na baki limerudi kwa dada mwenye kutunza sanduku. Tunaanzia hapo, juu mtu mwenye kuomba hesabu kwa Leta inafaa yeye mwenyewe atoe hesabu kwanza.

Tulikuwa watatu, dada wawili na kaka moja. Kwa siku tatu tulisikiliza watu wa Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi, Nigeria, Senegali. Wakenya walicheka Kiswahili chetu kidogo, sisi tukacheka chao, tukaelewana. Hatutawasimulia kila kitu. Tunawaletea yale tunayoweza kutumia hapa, na mwishoni tutawaomba muamue mambo manne. Moja kati ya hayo ni nzito.

Kila mtu hayuko kwenye mtandao

Siku ya kwanza, mtu wa kampuni moja alisimama akasema: leo kila kijana wa Afrika ana sauti, juu kila kijana ana simu. Watu wakapiga makofi. Sisi tukaomba neno.

Tukasema: sisi tunatoka Kongo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa kwetu, na inaingia katika batri za simu hizi zote muko nazo mkononi. Koltani ya Masisi inaingia ndani pia. Kwa hiyo, kila simu katika chumba hiki imebeba kipande cha udongo wetu. Lakini Wakongo wengi bado hawana intaneti. Mama mwenye kuuza makala sokoni, ukimwambia achague kati ya mega na unga wa fufu, atachukua unga. Nani atamlaumu?

Chumba kikanyamaza kidogo. Halafu dada moja wa Tanzania akatuuliza: "Basi ninyi munamfikia huyo mama kwa njia gani?" Swali lake ndilo tumelibeba mpaka hapa.

Tuseme ukweli. Tukiandika tangazo kwa Kifaransa na kuliweka Facebook, nani analisoma? Wanafunzi wa chuo, waandishi wa habari, ndugu zetu walio Ulaya, na wale wa usalama. Mama wa makala halisomi. Kijana wa chukudu halisomi. Motari analiona jioni kama ana mega. Ile namba ya "likes" inatufurahisha, lakini inahesabu watu waliokuwa tayari pamoja na sisi. Kwa hiyo kila neno tunaloweka mtandaoni liwe na njia yake ya pili: odio fupi kwa Kiswahili na kwa Kinande, mtu wa kulisema kwenye redio, mtu wa kulipeleka sokoni kwa mdomo. Kama halina njia ya pili, hatujalitangaza bado.

Mtandao unaita, miguu inajibu

Munakumbuka RAM? Toka Septemba 2020 walikuwa wanatukata unité kwenye simu, eti ni kwa kuandikisha machini. Hakuna aliyeulizwa. Watu walianza kulalamika mtandaoni, kila mtu akipiga picha ya ujumbe wa kukatwa na kuuweka hadharani. Kama ingeishia hapo, wangekuwa bado wanatukata mpaka leo. Lakini watu walitoka, wakakaa mbele ya ofisi, wengine wakalala kasho, mashirika yakaandika barua, maswali yakafika Bungeni. Mwanzo wa 2022, RAM ikaondolewa. Mtandao ulifanya kila mtu ajue kwamba hakukatwa peke yake. Kilichobaki kilifanywa na watu wenye miguu.

Ndugu wa Uganda walitusimulia yao. Kuanzia Julai 2018, serikali yao iliwalipisha shilingi 200 kila siku kwa kuingia WhatsApp au Facebook. Watu wakajifunza VPN, wakaandamana. Mwaka 2021 ule ushuru ukafutwa, lakini ukaja mwingine wa asilimia 12 juu ya data. Fundisho lao: ukishinda, usilale. Kile kitu kinaweza kurudi kikivaa shati ingine.

Na Wakenya, mwaka 2024. Sote tuliona video. Jambo ambalo hatukuliona vizuri ni kazi iliyotangulia. Ule muswada wa fedha ulikuwa kitabu kizito cha sheria. Vijana waliusoma, wakaukata vipande, wakaeleza kila kipande kwenye TikTok kwa lugha ya nyumbani: mkate utapanda namna hii, kutuma pesa kwa simu namna hii. Wakatoa namba za simu za wabunge ili kila raia amuulize mbunge wake mwenyewe. Tarehe 25 Juni watu waliingia mpaka ndani ya Bunge, na kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini. Lakini bei ilikuwa damu. Makumi ya vijana walikufa, na miezi iliyofuata wengine walitekwa, wengi wao wakiwa watu waliojulikana mtandaoni. Ndugu wa Kenya hakutuambia haya kwa kujisifu. Alisema: "Mukihesabu ushindi wetu, muhesabu na makaburi."

Sasa swali kwetu: nani hapa ameshasoma bajeti ya mji wetu? Tunapiga kelele juu ya barabara mbovu, na ni vizuri. Lakini tukikata ile bajeti vipande, tukasema kwa Kinande na Kiswahili barabara fulani iliandikiwa mafranga ngapi, meya hatakuwa na mahali pa kukimbilia.

Watakata. Tujitayarishe

Hili hatukuhitaji kwenda Kampala kulijua. Mwezi wa 12 mwaka 2011, baada ya uchaguzi, walikata SMS. Januari 2015, watu walipotoka juu ya sheria ya uchaguzi, walikata intaneti, na mitandao ya kijamii ikakaa imefungwa hata baadaye. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano ya Wakristo, walikata. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, walikata tena, na hapo tulikaa karibu siku 20. Waganda nao walikatiwa Januari 2021, siku moja kabla ya kupiga kura.

Munaona kile kinachofanana? Wanakata pale raia anapotaka kuhesabu: kuhesabu kura au kuhesabu watu walioko barabarani. Kwa hiyo siku tunayohitaji mtandao kabisa ndiyo siku ambayo hautakuwapo. Kundi lenye kuishi ndani ya WhatsApp peke yake linakufa siku hiyo.

Wenzetu wa Burundi na Uganda walitupa mambo ya kufanya kabla. VPN uiweke kwenye simu mapema, juu siku wamefunga hutaweza tena kuipakua. Na ujue mpaka wake: VPN inapita pale wamefunga Facebook ao WhatsApp, lakini wakizima intaneti yote, VPN haisaidii kitu. Namba za watu muhimu ziandikwe kwenye karatasi: wakili, daktari, mtu wa redio, mama wa kila mmoja wetu. Kila kartie iwe na mahali pa kukutana na saa iliyopangwa, bila kutumiana ujumbe. Wazee wetu walifanya siasa yao bila simu hata moja. Tuwaulize walifanya namna gani, wangali hai, wamo humu ndani.

Uvumi unaua

Hapa tunaongea na watu wa Butembo, hatuna haja ya mfano wa mbali. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Katika wale kuna majirani zetu. Simu zetu wakati ule zilikuwa zimejaa odio: eti Ebola haiko, eti ni biashara, eti chanjo inazaa ugonjwa. Vituo vya matibabu vilichomwa, Katwa na hapa mjini. Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kutusaidia, aliuawa kwa risasi hapa hapa Butembo.

Kule Kampala wataalamu wengi walieleza uvumi kama ujinga wa watu. Sisi tulikataa. Tukawasimulia kwamba tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilisogeza kura ya Beni na Butembo mpaka Machi 2019, na sababu moja waliyotoa ilikuwa Ebola. Januari raisi mpya akaapishwa bila kura zetu. Sasa mtu aliyenyang'anywa kura kwa jina la Ebola, ukimwambia Ebola ni kweli, atakuamini vipi? Uvumi unaota pale ukweli ulipouzwa. Leta ikidanganya mara moja, inalipa mara kumi, na anayelipa kwa mwili wake ni raia.

Lakini hiyo haitupi ruhusa ya kutransfere kila kitu. Tulijifunza njia rahisi. Ukipata picha ya maiti yenye kusemwa ni ya jana Oicha, itafute picha ile kwa Google kabla ya kuituma. Mara nyingi utaikuta ilishapita mwaka mwingine, inchi ingine. Ukiona WhatsApp inakuandikia kwamba ujumbe umetransferiwa mara nyingi, jua kwamba hata mwenye kukutumia hajui ulitoka wapi. Odio isiyo na jina, isiyo na tarehe, isiyo na mahali, ikufie mkononi. Na piga simu kwa mtu aliye pale. Sisi tuko na watu pale. Shirika kubwa la habari la Paris halina mtu Mangurujipa, sisi tunaye.

Na kuna sheria. Toka Machi 2023 Kongo iko na Kodi ya namba, ile wanaita Code du numérique. Kipengele chake cha 360 kinasema mtu mwenye kuanzisha ao kueneza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka 6. Sikilizeni vizuri: ao kueneza. Kutransfere peke yake kunatosha. Na wakitaka, wanaitumia pia kwa mtu mwenye kufanya kazi yake: mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023, akatoka Machi 2024. Tutaendelea kupinga matumizi mabaya ya ile sheria. Lakini tusiwape zawadi ya uongo wa kweli.

Simu ni shahidi, kama unaishika vizuri

Munajua lile jukwaa la Ushahidi? Jina ni la Kiswahili chetu. Lilizaliwa Kenya Januari 2008, wakati wa vurugu baada ya uchaguzi: watu walituma ripoti kwa SMS na kwa intaneti, zikaonekana kwenye ramani. Wazo lile bado lina nguvu: raia anasema kilichotokea kwake, na ramani inazuia watu kusema hawakujua.

Lakini kuna tofauti kati ya video ya kuliza watu na video ya kumfunga muuaji. Mfano uko Kivu ya Kusini. Mwaka 2012 wanakijiji waliuawa Kamananga na Lumenje. Septemba 2018 korti ya kijeshi ilihukumu wakubwa wawili wa FDLR kifungo cha maisha. Katika ushahidi kulikuwa picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayoitwa eyeWitness, inayofunga ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa, na kuonyesha kwamba haikubadilishwa. Wakili wa upande wa pili hakuweza tu kusema "hii picha ni ya uongo" na mambo yakaishia hapo.

Kwa hiyo ukiona jambo na uko salama, usizungushe simu kama mtu wa ndoa. Shika imara. Anza na mahali: kanisa, kibao, kilima, kitu ambacho hakihami. Sema kwa sauti tarehe na saa. Onyesha kila kitu pole pole, sekunde kumi kila upande. Usiongeze muziki, usikate. Faili ya kwanza uitunze vile ilivyo, juu WhatsApp ikituma picha inaipunguza na inafuta alama zake za ndani. Kama ni lazima kuituma, itume kama dokima. Na kabla ya kuweka hadharani, angalia sura zilizoko. Yule mtoto, yule mama aliyebakwa, hawakukuomba uwatangaze. Ushahidi unaenda kwa wakili kwanza.

Kulinda watu wetu

Tunafika kwenye jambo nzito.

Mwaka uliopita ndugu yetu moja alikamatwa kwenye sit-in. Pale alipofikishwa, walishika kidole chake kwa nguvu, wakakiweka juu ya simu, simu ikafunguka. Wakasoma kundi letu lote la WhatsApp, majina, namba, nani analala wapi. Asubuhi walienda kwa wengine wanne. Wote munawajua, na wawili wamo humu. Hapa chini ya hali ya dharura raia wanaweza kupelekwa mbele ya korti ya kijeshi, kwa hiyo hii si mambo ya kucheza.

Kampala walituonyesha. Toeni alama ya kidole, wekeni kodi ya namba sita au zaidi. Kwenye WhatsApp washeni ile kodi ya pili, ili mwingine asichukue namba yenu. Ujumbe uwe wa kujifuta. WhatsApp na Signal zinafunga maneno njiani, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Lakini kufuli la njiani halisaidii kama mlango wa nyumba, ndio simu yenyewe, uko wazi. Na jambo ambalo hupaswi kuandika, lisemwe uso kwa uso.

Kuna na vita ingine inayopigwa juu ya dada zetu. Kijana akisema neno kali juu ya meya, wanamjibu juu ya neno lake. Dada akisema neno lile lile, wanamjibu juu ya mwili wake, wanatengeneza picha, wanaandika kwa baba yake. Dada wengi wamenyamaza mtandaoni kwa sababu hiyo, na wengine wanaoandika matusi wanajiita wanamapambano. Tunasema waziwazi: mtu akimtusi dada wa mapambano namna hiyo, hana nafasi katikati yetu, hata kama anapiga filimbi kuliko wote.

Sasa ile nzito. Shirika moja tulilokutana nalo kule lilitupa programu ya bure. Nzuri, ya rangi. Kila mwanachama angejiandikisha: jina, simu, picha, avenue anapokaa. Na kungekuwa na msaada wa mafranga juu yake. Tulijibu kwamba sisi hatuna mamlaka ya kukubali, tutauliza nyumbani. Tukauliza pia: ile listi itakaa wapi? Nani ana funguo? Kesho wakifunga ofisi ao wakiombwa na serikali fulani, watafanya nini? Jibu lilikuwa tabasamu.

Maoni yetu sisi watatu ni haya: tukatae. Tunajua maana yake. Hatuna komputa, megafoni imeharibika, kodi ya chumba hiki inatusumbua kila mwezi. Mafranga yale yangetusaidia sana. Lakini listi ya majina yetu na avenue zetu, mikononi mwa mtu tusiyemjua, ni listi ya kukamatwa iliyoandikwa na sisi wenyewe. Kuna wenzetu humu wanaofikiri tofauti, tumeongea nao, na hoja zao si za kijinga. Watapata neno mara tukikaa.

Mambo manne ya kuamua

Moja: kundi kubwa la WhatsApp libaki la matangazo tu, mipango ifanyike kwa mikutano ya kartie, uso kwa uso.

Mbili: hakuna habari ya mauaji ao ya ugonjwa itakayotoka kwa jina letu kabla ya watu wawili walio pale kuithibitisha. Afadhali tuchelewe saa mbili kuliko kumzika mtu aliye hai.

Tatu: kabla ya mwisho wa mwezi, kila kartie iwe na karatasi yake ya namba, mahali pake pa kukutana, na mtu moja wa kuongea kwenye redio.

Nne: ile programu na mafranga yake. Ndiyo ao hapana. Tutapiga kura kwa karatasi, si kwa kuinua mkono, ili kila mtu awe huru.

Hatukuleta dawa toka Kampala. Kila inchi iliyokuwa pale ilikuwa na vijana wanaokatiwa mtandao, wanaofuatwa, wanaodanganywa na odio, na wanaoendelea. Hilo lilitupa nguvu. Lakini hakuna hata mmoja wao atakayekuja kuuliza bajeti ya Butembo mahali petu. Kazi hiyo inatungoja sisi.

Karatasi za kura ziko mezani. Wenye kutaka neno, wajiandikishe kwa yaya pale mbele.